Visiki vya Converse Basin

Septemba 2018 shemeji alinichukua kwa gari kutoka Fresno, California, tukapanda milima ya Sierra Nevada. Nilikuwa nimemwomba anionyeshe misekwoya, ile miti mikubwa mno ya huko. Akanipeleka kwanza Converse Basin, penye visiki.

Vilikuwa vya kijivu, vimetapakaa kwenye majani, vingine vipana kuliko chumba nilicholelewa Lushoto. Kile kiitwacho Chicago Stump nilikizunguka kwa hatua karibu 40. Mti wake ulikatwa 1892, ukatobolewa ndani, ukapelekwa vipande vipande kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893. Watu wa huko wakakataa kwamba ni mti mmoja, wakasema umeungwa.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Utoto wangu wote nilimwona akishuka shimoni, mwenzake juu ya gogo, msumeno katikati, na hakuna kilichoachwa porini. Hata mabanzi tulijengea banda la mbuzi. Kwa hiyo kilichonishika pale hakikuwa ukubwa wa visiki. Ni magogo. Yamelala tangu enzi hizo, na nililogonga kwa ngumi lilikuwa bado gumu. Msekwoya hauozi upesi, lakini ubao wake huvunjika kirahisi, na mti wa mita 80 ukipiga chini hupasukapasuka. Kuanzia miaka ya 1890 kampuni ya mbao iliangusha humo misekwoya ipatayo 8,000, mingine yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Iliyofaa iliteremshwa kwa mfereji wa maji wa kilomita 87 hivi hadi mji wa Sanger, na mingi ikaishia kuwa nguzo za uzio na vigae vya mbao. Kampuni haikupata faida.

Usiku ule nikapiga simu nyumbani, kwao kumekucha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Akauliza kama hawakuutandikia mti matawi kabla ya kuuangusha. Nikamjibu walitandika, hata mitaro walichimba, na bado ulivunjika.

"Basi wangeacha baada ya wa kwanza," akasema.

Halafu akauliza kama visiki vimechipua. Mkulo wa kwetu ukikatwa huchipua shinani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha, nikiwa mdogo.

"Havijachipua, Baba. Hii huota kwa mbegu."

Alinyamaza. Nikawa nasikia majogoo ya Lushoto.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."