Kupima 2^127 − 1: wiki ya kukataliwa na programu yangu mwenyewe

Jumatatu. Kiprogramu cha Python kimekamilika, mistari kumi na kitu. Kazi yake ni kupima namba za Mersenne, yaani 2^p − 1, kama ni tasa. Lengo langu ni hii hapa:

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727

Ndiyo 2^127 − 1, tarakimu 39. Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, kwa mkono, na kwa miaka 75 hakuna aliyepata namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kanuni yenyewe ni fupi mno. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Rudia mara p − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Kwa 127 ni mizunguko 125 tu.

Nilianza na p = 11, ikasema si tasa. Kweli, 2047 ni 23 × 89. Na p = 23? Si tasa. Kweli tena. Nikalala na furaha.

Jumanne. Nimeiwekea 127. "Si tasa." Nikashuka hadi p = 3, yaani 7. "Si tasa." Saba, jamani!

Alhamisi. Nilikaa na kalamu nikafanya p = 7, namba 127. Kugawanya nimekukwepa, kama programu yangu inavyofanya, maana 128 ukiigawa kwa 127 inabaki 1, kwa hiyo kila 128 nahesabu kama 1. Mfano 67 × 67 − 2 ni 4487. Humo mna 128 mara 35, zinabaki 7. Jumla 42, ndilo baki. Nikaenda hivyo: 4, 14, 67, 42, 111. Mzunguko wa mwisho ukatoa 12,319, ambayo ni 128 mara 96, na 31 juu. 96 + 31 = 127.

Mwizi ndiye huyo. 127 kwa 127 baki ni 0, lakini njia yangu ya mkato inaishia 127 na haishuki. Programu ilikuwa inasubiri sifuri ambayo isingekuja kamwe, ikakataa kila kitu. Ilipatia 2047 kwa bahati tu.

Nimeongeza mstari mmoja: ukibaki na namba yenyewe, andika 0. Ikapita 7, ikapita 127, na 2^127 − 1 ikapita kabla sijainua kidole.

Jumamosi. Leo p = 67. Mersenne mwenyewe, mtawa Mfaransa ambaye namba hizi zina jina lake, aliiweka kwenye orodha yake ya tasa mwaka 1644. Programu imekataa, safari hii kwa haki, ila haisemi inagawanyika kwa ngapi. Mwanahisabati Frank Nelson Cole ndiye aliyezipata namba mbili zinazoigawa, 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Nimezizidisha kwa karatasi. Nimekosea kubeba mara mbili, ya tatu ikakubali.