Jeni la mmea ndani ya nzi mweupe

Mwaka 2021, nikisoma shahada ya uzamili, profesa wetu alitupeleka kwenye shamba la muhogo nje kidogo ya Kibaha. Yeye huchunguza jenomu za mimea na za wadudu wanaoishambulia, yaani seti nzima za maelekezo yao ya urithi, jeni zao zote, jinsi zinavyobadilika kizazi hata kizazi katika kuviziana kwao. Aligeuza jani changa la kileleni. Chini yake walijaa nzi weupe, vijidudu vya milimita moja hivi.

Nilikuwa nawafahamu. Ndio wanaoeneza virusi vya batobato na vya michirizi kahawia, na huu ugonjwa wa pili ndio ulioumaliza muhogo wa mama kule Mkuranga. Shamba lilikuwa la kijani, linapendeza, kumbe chini mizizi ina mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Haikufaa kuchemshwa wala kufanywa makopa. Mama aling'oa shina baada ya shina bila kusema neno. Biolojia niliichagua kwa sababu ya msimu ule.

"Vijana," profesa akasema, "huyu mdudu ana jeni alilolipata kutoka kwa mmea."

Akatueleza matokeo ya watafiti wa China, yaliyochapishwa mwaka huohuo. Mimea mingi hujikinga kwa sumu za jamii ya fenoli, na ina jeni la kutengeneza kimeng'enya cha kuzituliza sumu hizo zisiidhuru yenyewe. Jeni la namna hiyo, BtPMaT1, wamelikuta kwenye jenomu ya nzi mweupe. Wanakadiria lilihamia humo miaka milioni 35 hivi iliyopita, pengine likibebwa na virusi. Basi mdudu anafyonza utomvu wenye sumu na hadhuriki! Walipotengeneza minyanya inayolizima jeni hilo ndani ya nzi anayeifyonza, karibu nzi wote walioifyonza walikufa, na wadudu wengine waliojaribiwa walibaki salama.

Nikauliza, "Prof, na muhogo je?"

Akajibu kwamba jaribio lilikuwa la nyanya. Nzi weupe ni spishi nyingi zenye sura moja, na wa muhogo wetu lazima wapimwe wenyewe kabla mkulima hajaahidiwa chochote. Jibu hilo lilinipa imani naye zaidi ya ahadi yoyote. Alipotugawia vichupa vya spiriti tukusanye sampuli, nilimwomba na shamba la mama liingizwe kwenye orodha yake. Akaniambia nimwandikie jina la kijiji.