Jinsi Biblia ya Kiswahili ilivyonifungulia Kiingereza cha 1611

Nilikuwa nakalimani kanisani kwetu Morogoro kwa mwaka wa tatu pale mgeni mmoja alipopanda mimbarini na Biblia ya King James, tafsiri ya 1611. Ilikuwa ibada ya mazishi. Akasoma 1 Wathesalonike 4:15, akafika penye neno "prevent", nami bila kusita nikasema kwamba sisi tulio hai hatutawazuia waliolala. Waliokuwa na Biblia mkononi wakainua macho. Kwao imeandikwa "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti." Mfiwa aliyekaa mbele ya jeneza anataka kusikia kwamba mtu wake hataachwa nyuma, na mimi nilikuwa nimemnyima neno hilo. Nilirudi nyumbani na uchungu.

Usiku ule nilitandaza Biblia zote mbili mezani. Nikagundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimesema sawa, ila Kiingereza nilichofundishwa shuleni kilikuwa kimehama. "Prevent" ni neno la asili ya Kilatini, na zamani lilimaanisha kutangulia. Anayekutangulia njiani anaweza pia kukuzibia njia, na maana hiyo ya kuzuia ndiyo iliyokuja kuimeza ile ya kwanza.

Basi nikanunua kaunta buku. Kila jioni nilisoma sura moja kwa Kiingereza cha zamani, kidole kikifuata mstari uleule katika Kiswahili, na kila mahali vilipopishana niliandika. Maneno magumu yanayoonekana magumu hayakunisumbua sana, kwa sababu mtu akikutana nayo hufungua kamusi mwenyewe. Yaliyonitia hofu ni yale yenye sura ya kila siku. Katika Mwanzo 1:29 Mungu anampa mwanadamu mimea iwe "meat", na mkalimani mwenye haraka atasema nyama. Kiswahili kinasema chakula, maana neno hilo lilikuwa chakula chochote. "Quick" ilikuwa hai kabla ya kuwa haraka, ndiyo maana zebaki, ile fedha inayotembea kama ina uhai, Waingereza waliiita "quicksilver".

"Let" ndilo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote. Katika Warumi 1:13 Paulo anasema alitaka kwenda Rumi lakini "was let". Aliruhusiwa? Kiswahili kinasema alizuiliwa! Nilienda maktaba kuifungua kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika 1928 na ambayo huanza na maana kongwe ya neno kisha hushuka nayo hadi leo. Kumbe ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale, kimoja cha kuzuia na kingine cha kuruhusu, vilivyosogeleana matamshi hadi vikafanana kabisa. Kile cha kuzuia kimekufa mitaani, ila bado kimo ndani ya pasipoti za Uingereza, zinapoomba mwenye pasipoti apite bila kuzuiwa.

Halafu kuna "thou" na "ye", ambazo watu huzichukulia kama mapambo ya heshima. Ni umoja na wingi tu, wewe na ninyi. Kiingereza cha leo kimevipoteza vyote viwili kwa "you" moja, na Luka 22:31-32 inapoteza nusu ya maana yake. Yesu anamwambia Simoni: Shetani amewataka ninyi, wanafunzi wote, apate kuwapepeta kama ngano. Lakini nimekuombea wewe, Simoni peke yako. Msomaji wa Kiswahili analiona hilo bila msaada wa mtu.

Mstari huohuo ukanionyesha kitu kingine. Unaendelea, "ili imani yako isitindike." Nimeusikia tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kutindika ni nini. Nilimuuliza bibi mmoja wa kanisani kwetu, mzaliwa wa Pangani. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mafuta yakitindika, taa si inazima?"

Nilipofika nyumbani niligeuza kaunta buku, nikaanza upande wa nyuma, ukurasa wa Kiswahili.