Kambo alifuata mapacha gani?

Binti yangu alipozaliwa hapa Lubumbashi, mama alisema mtoto atabeba jina la kambo, yaani bibi yangu, mama yake yeye: Chola. Kwetu sisi Wabemba, Chola ni mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Binti yangu hakumfuata pacha yeyote, amerithi jina tu. Lakini kambo mwenyewe? Nikamuuliza mama, "Kambo alifuata mapasa gani?" Akanyamaza kidogo. "Mie sijue. Hakukuwa anasema mambo ya kwabo."

Kambo namkumbuka akitwanga sombe, majani ya muhogo, mtaani Katuba, mgeni akija hamwachi aondoke bila kula. Tulimzika kwenye makaburi ya Sapinière nikiwa bado mdogo. Kambo mwanaume, mume wake, aliacha picha, medali ya kazi na namba yake ya kampuni. Kambo aliacha jina. Iliniuma, kwa sababu Wabemba ukoo tunauchukua kwa mama, na kwa upande huohuo wa mama tulikuwa hatujui kitu.

Nilianza kwa mume wake. Mjomba alikuwa ametunza buku lake la kazi la Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ndani ya mkebe wa maziwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ile ilitaka wafanyakazi wakae kambini na wake zao, na posho ilitolewa kwa kuhesabu mke na watoto. Ndiyo maana karani alimwandika kambo, kwa ajili ya unga. Mstari mmoja tu: Martha Tshola, kijiji chake, sheferi (eneo la chifu wake), na Sakania, upande wa mpakani. Niliusoma mara nyingi sana mstari ule.

Nikatuma barua kwenye parokia ya zamani upande wa kule, nikiomba watafute Chola. Jibu likarudi: hayupo. Miezi miwili nikakaa na huzuni, hadi siku moja nilipolirudia buku na kulisoma polepole. Karani aliandika Tshola, kwa masikio ya Kifaransa. Mimi nilikuwa nimeomba watafute kwenye C, naye kama yupo atakuwa kwenye T. Tena nilikuwa nimeliacha jina la Martha, kwa kuwa karatasi zake za uzeeni hazikuwa nalo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru watu waache majina ya Kikristo, na Martha akatoka kwenye karatasi zote. Anayetafuta mama zake aandike kila namna jina linavyoweza kuandikwa kabla hajapanda gari.

Kabla sijasafiri kukatokea kilio mtaani Kenya, hapahapa Lubumbashi: amefariki jirani wa zamani wa kambo. Mama na mimi tulikuwa tumekaa mkekani na wanawake wengine, bibi mmoja akaja mbele yetu na kuanza kumtania mama: mbuzi hawa wamekuja kulia au kula? Watu wakacheka, mama akainamisha kichwa. Nilimfuata bibi yule nje nikamuuliza kwa nini mbuzi. Akanishangaa. "Weye haujue? Kambo yako alikuwa mwina Mbushi, mtu wa ukoo wa Mbushi. Siye ni bena Ngo." Ngo ni chui, Mbushi ni mbuzi, na koo hizi mbili ni watani tangu zamani, hata msibani. Kumbe miaka yote ile ukoo wetu ulikuwa mdomoni mwa watani, na sisi hatukuwahi kuwauliza.

Sakania nilifunguliwa kitabu cha ubatizo na katekista mpole, mikono yake safi kama ya daktari. Na hapa nataka kusema jambo moja: ukurasa wa ubatizo usiusome jina peke yake. Kuna baba, kuna mama, kuna msimamizi, na pembeni, kwa herufi ndogo, huandikwa ndoa ya mtu huyo na parokia ilipofungwa. Martha Tshola alikuwapo. Mama yake: Mulenga. Msimamizi wake: Elizabeti Pundu.

Nilishika meza. Pundu ni Mpundu, na Mpundu ni jina la pacha.

Tukarudi nyuma kurasa kadhaa. Elizabeti Pundu, baba yuleyule, mama yuleyule Mulenga. Pembeni: ameolewa Mufulira, ng'ambo ya mpaka, Zambia ya leo, kwenye migodi ya Waingereza. Pacha wa pili hatukumwona.

Shangazi yangu anayefanya biashara kupitia mpaka wa Mokambo alibeba kikaratasi chenye majina hayo hadi kanisani Mufulira. Kilitangazwa Jumapili tatu. Baada ya ile ya tatu simu ikaita, sauti ya bibi, Kibemba kizito, mama akinitafsiria. Hakuuliza majina. Aliuliza kwanza sisi ni bena nani. Nikajibu mwenyewe: Mbushi. Akaanza kulia.

Ni binti wa Mpundu. Alituambia kuwa pacha wa pili alifariki kabla ya kuota meno, na hakufika kwa padri. Alituambia kuwa Chola alipoolewa, Mpundu alimsindikiza hadi stesheni ya Sakania, Chola akapanda treni ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na mumewe, na baadaye Mpundu naye akaenda Mufulira. Barua hawakuwahi kuandikiana, hakuna aliyejua kuandika. Kisha akamtaja mama wa Mulenga, na mama wa huyo tena. Mama alirudia kila jina kwa sauti, nami nikaandika.

Mwisho akauliza, "Na huyo Chola wenu mdogo, amelala?"

Nikamwambia yuko macho.

"Basi msogezee simu."