Sikuwaahidi Kwamba Nitarudi

Nimerudi jimboni kwangu. Utume wa ugenini umekwisha, na tangu nifike, mapadre wenzangu wananiuliza swali lile lile: umewaachaje watu wako? Jibu fupi ni kwamba nimewaacha salama, chini ya paroko mwingine. Jibu refu ndilo hili ninaloliandika, maana najua wapo mapadre, masista na walei ambao mwaka huu watafunga virago kama nilivyofunga mimi. Katika maandalizi yote niliyopewa kabla ya kutumwa, sikumbuki somo hata moja lililohusu kuaga. Tulifundishwa lugha, tukafundishwa kusikiliza kabla ya kusema, tukaonywa juu ya upweke wa miezi ya mwanzo. Habari ya kuondoka kila mtu aliachiwa yeye na moyo wake.

Nilikwenda kama padre wa Fidei Donum. Kwa asiyefahamu, hilo ni jina la waraka alioutoa Papa Pius XII tarehe 21 Aprili 1957, akiwasihi maaskofu wayafikirie majimbo yenye uhaba wa mapadre, hasa ya Afrika, na wawe tayari kuwaazima baadhi ya mapadre wao. Leo wanaoazimwa wanatoka pande zote na kwenda pande zote. Padre wa namna hii hajiungi na shirika, wala hahami jimbo lake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 271, inataka maaskofu wawili wawekeane mapatano ya maandishi, na ruhusa hutolewa kwa muda maalumu unaoweza kuongezwa. Kwa hiyo siku nilipotia sahihi karatasi ya kwenda, karatasi ile ile ilikuwa na habari ya kurudi. Nilikuwa naifahamu siku zote. Lakini kuifahamu ni jambo moja, na kusimama mbele ya watu uliowabatizia watoto na kuwazikia wazazi ni jambo jingine kabisa.

Barua ya askofu wangu ilipofika, niliwaambia kwanza halmashauri ya parokia na makatekista, kisha Jumapili iliyofuata nikawatangazia waamini wote mwenyewe, baada ya sala ya komunyo. Namshauri kila mtu afanye hivyo. Habari ya padre kuhamishwa ina miguu mirefu, na watu wakiisikia njiani huanza kumtafuta mwenye kosa: padre kagombana na nani, nani kapeleka barua kwa askofu. Nilitaka waisikie kwangu, na wasikie kwamba hakuna aliyenifukuza.

Halafu likaja swali. Utarudi lini, Baba?

Waliniuliza watoto wa komunyo ya kwanza, akaniuliza mzee wa sakristia, wakaniuliza akina mama wa jumuiya. Lililonipata sawasawa lilitoka kwa mama mmoja mjane ambaye nilikuwa nampelekea komunyo kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Miguu yake haikuwa na nguvu tena. Kila nilipofika nilikuta ametandika kitambaa cheupe juu ya kimeza, msalaba katikati, mshumaa upande, na kiti cha padre kimegeuzwa kidogo kuelekea kitandani, kwa sababu sikio lake la kushoto ndilo lililokuwa likisikia. Siku hiyo nilimpa mpako wa wagonjwa na komunyo, tukasali litania ya Bikira Maria hadi mwisho, polepole, kama alivyopenda. Kisha nikamwambia kwamba nimekuja kuaga. Akanishika mkono, akaniuliza nitarudi lini.

Jibu jepesi lilikuwa karibu sana. Ningeweza kusema, Mungu akipenda tutaonana. Ni neno zuri na nalisema kila siku. Lakini nikilitamka hali najua jibu lenyewe, nalifanya jina la Mungu kuwa pazia la kujifichia. Nikamwambia, "Mama, sitarudi. Atakuja padre mwingine, na nimekwisha mwambia habari zako." Alinyamaza kitambo, akaniuliza huyo padre mpya anajua kwamba sikio zima ni la kushoto. Nikasema anajua, nimemwandikia. Akaachia mkono wangu, akanibariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama mzazi anavyombariki mtoto. Nililia nilipofika nje, na sioni haya kuliandika.

Kwa nini nasisitiza kutoahidi? Kwa sababu ahadi ya aliyeondoka inamwonea anayekuja. Watu watakaa wakimngoja wa kwanza, na yule wa pili atafanya kazi kama mlinzi wa nafasi ya mtu. Katika siku zile nilisoma tena na tena sura ya 20 ya Matendo ya Mitume. Paulo alikuwa amekaa Efeso miaka mitatu. Ana haraka ya kufika Yerusalemu kwa Pentekoste, hataki kukawia huko Asia, hivyo anawaita wazee wa kanisa wamfuate Mileto. Angalia anavyowaaga. Anawakumbusha alivyoishi kati yao, anasema wazi kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, anawakabidhi kundi walilichunge, na anawaambia bila kuzunguka kwamba hawatamwona uso tena. Wakapiga magoti, wakasali, wakalia sana, wakamwangukia shingoni na kumbusu. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaandika kwamba kilichowahuzunisha zaidi ni neno lile la kutomwona tena. Paulo alijua litawaumiza, akalisema hivyo hivyo, nao wakamsindikiza mpaka melini. Hawakumkasirikia.

Na Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake, "Yawafaa ninyi mimi niondoke." Zamani nilikuwa nayahubiri maneno hayo kama fundisho juu ya Roho Mtakatifu tu. Sasa nayasikia pia kama agizo kwa kila mmisionari.

Kazi ya makabidhiano ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na nashukuru, kwani iliushughulisha moyo. Kanuni ya 535 ya sheria ile ile ya Kanisa inaitaka kila parokia iwe na daftari la ubatizo, la ndoa na la marehemu. Na katika daftari la ubatizo, mbele ya jina la mtu, huongezwa baadaye kipaimara chake, ndoa yake, daraja takatifu au nadhiri za daima. Yaani mstari mmoja unamfuata mtu maisha yake yote. Nilikaa na katibu wa parokia mezani, dirisha wazi, tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Pale palipokosekana taarifa ya ndoa iliyofungwa parokia nyingine, tuliandika barua kuiomba. Mwandiko wangu ulianza katikati ya daftari moja, chini ya mwandiko wa padre niliyempokea, uliolala upande wa kulia. Yeye alipokea kwa mwingine, mwenye herufi ndogo kama punje za mtama. Nilipofika kwenye ubatizo wa mwisho niliouandika, nikaacha mistari iliyobaki kama ilivyo. Daftari lile lilinifariji kuliko maneno yote niliyoambiwa. Wabatizwa wale hawakuwa wangu hata siku moja, ni wa Kanisa, na mimi niliaminiwa kalamu kwa kipindi.

Vijana wawili waliokuwa wanajiandaa kufunga ndoa walikuja kuniambia kwamba wangeisogeza tarehe, wangoje siku nitakapokuja kutembea, nije niwafungishe mimi. Walisema kwa upendo, nikawajibu kwa upendo, lakini sikukubali. Niliwaeleza kwamba paroko husimamia ndoa kwa mamlaka ya ofisi yake, na nikishatoka ofisini mamlaka hayo yamekwisha. Bila ruhusa ya paroko au ya askofu wa mahali, ndoa nitakayoisimamia haitakuwa halali. Zaidi ya sheria, niliwaambia kwamba watakaye kuwa naye siku watoto wao watakapougua ni paroko wao. Huyo ndiye wamfahamu altareni. Wameshafunga ndoa, na yeye ndiye aliyewafungisha.

Vitu havikunisumbua. Nguo niliwapa wenye kuzihitaji, vitabu vikabaki maktaba ya parokia, nikarudi na breviari yangu, kitabu cha sala za kila siku za padre, na stola niliyovaa siku ya upadrisho. Misa ya mwisho nayo siisimulii sana. Kanisa lilijaa, kwaya iliimba, nilihubiri kwa ufupi na kuomba msamaha kwa yeyote niliyemkwaza. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba mwisho wa Misa nilimwita paroko mpya mbele, nikamkabidhi ufunguo wa tabernakulo, mahali inapohifadhiwa Ekaristi, na baraka ya mwisho akaitoa yeye. Tulipanga hivyo tangu awali. Wengine waliona nimejinyima heshima yangu. Mimi nadhani watu walihitaji kuona ufunguo ukihama mkono, na waondoke kanisani na baraka ya mchungaji wao.

Sasa kuna simu. Watumishi wa zamani hawakuwa na jaribu hili. Mmisionari Fransisko Ksaveri alikufa kisiwani Shangchuan Desemba 1552 akiitazama China asiyoifikia, na barua ilichukua miezi mingi kufika. Mimi naweza kupigiwa wakati wowote. Napokea salamu za sherehe na habari za misiba, na majina yao nayataja katika Misa. Lakini mtu akianza kunieleza kwamba paroko mpya amebadilisha saa za Misa au amemtoa fulani kwenye uongozi wa kwaya, namkatiza kwa upole na kumwomba aende kuzungumza naye. Sina jambo zaidi ya hilo la kusema, na sitakuwa nalo.

Hapa nyumbani mapokezi yalikuwa mazuri, ila kila mtu ana haraka ya kujua nitapangiwa wapi. Ninaomba kitu kilichotangulia. Sura ya 14 ya Matendo inasema Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia, mahali walipokuwa wamewekwa mikononi mwa neema ya Mungu, walilikusanya kanisa wakasimulia mambo yote ambayo Mungu alifanya pamoja nao, kisha wakakaa na wanafunzi muda mrefu. Nao mitume waliporudi kutoa habari, Yesu aliwaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Nimemwomba askofu yote mawili, nafasi ya kusimulia mbele ya jimbo lililonituma, na mapumziko kidogo. Amekubali. Katika masimulizi yangu nitawataja makatekista wa kule kwanza, maana wao walikuwapo kabla yangu na wanaendelea, kisha nitawaambia mapadre vijana wa jimbo letu kwamba ile parokia jirani na niliyoiacha bado haina padre, na kwamba fomu za maombi ziko kwa makamu wa askofu.