Hela ya chai, hela ya parachichi

Ukitaka kujua chai inaendaje Tukuyu, usiende shambani. Njoo dukani kwangu ufungue daftari la mkopo. Kuanzia Novemba hadi Mei, mvua ikiwa imekolea, chai inachipua kwa fujo na mkulima anarudi kwenye mistari ile ile kila baada ya wiki moja au mbili. Miezi hiyo majina yanafutwa daftarini. Sasa ni Julai. Baridi ya Mlima Rungwe imelaza chipukizi, kilo zimepungua, na kila anayeingia anaanza na "niandikie".

Shangazi yangu ana shamba lake huku njia ya Katumba. Anachuma majani mawili na chipukizi, anajaza kikapu, anapeleka kituoni kwenye mizani. Hapo ndipo roho inapomdunda, kwa sababu majani mabichi hayangoji. Lazima yafike kiwandani siku ile ile. Yakirundikana muda mrefu yanapata joto, yanaungua, basi tena. Gari likikwama kwenye tope la Aprili (na huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo tope tunalo), jasho la asubuhi nzima linamwagwa. Kwa kilo moja ya chai kavu zinatakiwa kilo nne na zaidi za majani mabichi. Mnywaji wa Dar anayelalamikia bei ya pakiti angekuja kubeba kikapu kimoja tu.

Biashara hii si ngeni hapa. Wajerumani walipanda chai Amani, kule Tanga, mwaka 1902, kisha Kyimbila, hapa hapa jirani na mji, mwaka 1904, enzi hizo Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg. Miaka zaidi ya 100, na bado bei inapangwa mbali na anayechuma. Kwa muda mrefu chai yetu imekuwa ikipandishwa mnadani Mombasa. Novemba 2023 mnada wa Dar es Salaam ulipoanza nilimpelekea shangazi habari kwa furaha.

"Sasa kilo imepanda?" akauliza.

"Bado, shangazi."

"Haya, nipe sabuni."

Siku hizi gumzo la mjini ni parachichi, hasa Hass, lile la kusafirisha nje. Siwalaumu. Hela ya parachichi inakuja kwa mkupuo: nimeona mtu akivuna msimu mmoja akaezeka bati, mwingine akashuka stendi na pikipiki mpya. Hela ya chai haijawahi kumnunulia shangazi pikipiki. Lakini imenunua unga, mafuta ya kula, madaftari ya watoto, nauli ya kwenda hospitali, mwezi baada ya mwezi. Chai ni mshahara wa mtu asiyeajiriwa. Parachichi likipigwa na mvua ya mawe, au dalali akikutajia bei ya kukutukana, unasubiri msimu mwingine, na mtoto hasubiri msimu kula. Kwa hiyo nikisikia vijana wanasema chai ing'olewe yote, nabisha. Nabisha hata na wateja, jambo ambalo mwenye duka hatakiwi kulifanya.

Ndizi na maziwa vinatusaidia, ni kweli. Ukiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa Rungwe huwezi kulala njaa. Ila duka la mji huu haliendeshwi na ndizi, maana ndizi kila mtu anayo.

Tatizo ni kwamba hoja yangu yote inasimama juu ya kitu kimoja: mshahara ulipwe kwa wakati. Malipo ya majani yakichelewa, shangazi hanilipi mimi, nami simlipi mwenye jumla kule Mbeya. Safari hii yamechelewa. Jana mwanawe wa mwisho alipita dukani, hakununua kitu. Alitaka kujua tu mche wa parachichi wa kubebesha unauzwaje, na kama mwenye kitalu anakopesha.