Daftari la Vipimo

Ofisi ya wakili wangu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro, njia ya kwenda Msamvu. Ngazi zote zilinuka rangi ya mafuta. Ilikuwa mwaka 2016. Nilipanda nimevaa vizuri, kifua kimejaa maneno: usiku aliolala nje mume wangu, siku aliyonitukana mbele ya mama yake, jina la yule mwanamke na mtaa anaokaa. Mama wakili alinisikiliza dakika tano hivi, kisha akashusha miwani.

“Mwanangu, hapa unalipia muda. Kulia kalie kwa dada yako, kule ni bure. Hati ya baraza umekuja nayo?”

Nilikuwa nayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, ukiacha sababu chache, baraza la usuluhishi liandike kwanza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo mahakama ipokee shauri la talaka. Mimi karatasi hiyo niliipata baada ya vikao vitatu vya kata. Viwili mume wangu alikuja akakaa kimya kama mgeni msibani. Cha tatu hakutokea.

“Sawa. Sasa nyumba ya Kihonda. Mchango wako uko wapi?”

Swali hilo liliniudhi. Nimezaa, nimepika, nimefua miaka kumi na mmoja, leo naulizwa mchango! Akacheka kidogo, akasema hayo nayo yanahesabika, tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif mwaka 1983. “Ila ukiniletea na risiti, nitalala usingizi.”

Risiti sikuwa nazo. Mimi ni fundi cherehani. Nilichokuwa nacho ni kaunta buku la vipimo, jalada limekatika mgongo nikaliunga kwa kitambaa cha kitenge. Mbele wateja: Mama Zuhura, kifua 42, kiuno 38, gauni, 8,000, kalipa 5,000. Nyuma, nikilianzia mwisho, ndiko nilikoandika mambo ya nyumba. Saruji mifuko 15. Mchanga tripu mbili. Fundi kapewa 40,000, kaondoka bila kuaga. Sikuwahi kuyaandika kwa ajili ya hakimu. Niliandika kwa sababu nisipoandika pesa zinanipotea mkononi.

Wakili alilipekua ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma kazi yangu hivyo.

Wiki chache baadaye akaniita. Majibu ya upande wa pili yalikuwa yamefika, kurasa sita za Kiingereza cha mahakama, maana siku zile nyaraka ziliandikwa hivyo hata kama ugomvi wenyewe mliugombana kwa Kiswahili na Kiluguru. Akanitafsiria mstari kwa mstari. Alipofika aya ya tisa akasimama.

“Anasema alikuachia milioni moja na laki mbili za bati, ukazila. Kweli?”

“Uongo,” nikajibu. Haraka mno, nadhani.

Hakubisha. Alifunga faili, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanisogezea kikombe. Ndipo akaniuliza kama najua Bi Hawa alitoka na nini pale mahakamani. Nikasema nusu ya mali, bila shaka.

“Hakupata kitu. Majaji walikubali kazi za nyumbani ni mchango, wakatufungulia mlango wanawake wote. Kisha wakaona pesa alizopewa na mumewe alizitapanya. Mlango ulifunguka, yeye akabaki nje.” Akanywa chai. “Mimi siyo hakimu wako. Lakini nisiyasikie kwanza kule ndani.”

Chini dukani mtu alikuwa anakata nondo. Nilingoja ile sauti ikome, haikukoma, nikasema hivyo hivyo juu ya kelele. Pesa nilizichukua. Nilimpa mdogo wangu anunue pikipiki ya bodaboda, aliniapia miezi sita, akapata ajali mwezi wa tatu. Mume wangu niliwahi kumwambia zimeibiwa. Nyumba ikakaa msimu mzima wa masika bila bati, matofali yakilowa.

Nilitegemea anikemee. Yeye akauliza, “Imeandikwa?”

Imeandikwa, ndiyo. Ukurasa ule ule wa saruji: *D. pikipiki 1,200,000*. Chini yake, kwa kalamu tofauti, marejesho yake: 50,000, 30,000, 30,000, 20,000, basi. Na ukurasa uliofuata, bati nilizonunua mwenyewe mwaka wa pili, kumi kumi, kwa pesa za sare za shule.

“Tutalisema sisi, kabla yao,” akasema. Niliona ananimaliza. Nilimwambia hivyo hasa, na bado alikuwa hajamaliza chai.

Siku ya ushahidi, Mahakama ya Wilaya, aliniuliza mwenyewe habari za pikipiki, kwa sauti ile ile aliyoniulizia jina na dini yangu. Nikajibu nikitazama meza. Wakili wa upande wa pili aliposimama na maswali yake ya dodoso, alikuwa ameshaukunja ukurasa wake wa kwanza. Mume wangu alikuwa ananiangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyasikia yale kwa mdomo wangu, na tulikuwa tumekaa umbali wa hatua nne, na mtu wa tatu akiandika.

Nyumba ilithaminiwa, nikapewa asilimia arobaini. Wengine wanasema ningepata nusu kama ningenyamaza. Sijui, sikumuuliza wakili, na deni lake nilimaliza kulilipa kwa kumshonea suti mbili.

Daftari lilipokelewa kama kielelezo, likagongwa muhuri, likabaki kwenye jalada la shauri. Jumatatu yake Mama Zuhura akaja na kitenge, akataka gauni kama lile la zamani. Nikamwomba asimame, anyooshe mikono, nimpime upya.